Wingi wa viini si hoja: Seva za umma zipimwe kwa njia zake za ndani

Na MWANDISHI WETU

TANGU serikali ya Kenya iagize mwaka 2023 kwamba malipo yote ya huduma zake yapitie nambari moja ya Paybill, 222222, mjadala wa umma umehusu zaidi ni nani anayesimamia fedha hizo na zinaishia wapi. Mjadala huo ni wa haki. Hata hivyo, lipo swali jingine ambalo halijapewa uzito unaostahili: mashine zinazopokea malipo ya taifa zima zina uwezo gani, na uwezo huo hupimwa kwa kipimo kipi?

Kipimo kinachotajwa mara nyingi ni idadi ya viini. Kiini ni ile sehemu ya prosesa inayotekeleza amri na kufanya hesabu. Seva, yaani kompyuta inayohudumia watu wengi kwa wakati mmoja, huwa na viini makumi na hata mamia. Muuzaji mmoja husema mashine yake ina viini 64, mpinzani wake hujibu kwamba yake ina 128, na mnunuzi asiye na mshauri hudhani kwamba hiyo ya pili ina nguvu maradufu.

Dhana hiyo huwapotosha wengi. Viini vinavyofanya kazi moja ni lazima vipashane habari, na pale ambapo njia za kupashana habari ni finyu, viini vipya huongeza foleni badala ya kuongeza kasi. Gharama ya foleni hiyo humwangukia mlipa kodi, kwanza kwa fedha zinazonunua mashine, kisha kwa muda anaoupoteza akingoja huduma.

Mji wa Sultan Hamud katika Kaunti ya Makueni ni mahali pafaapo kulitazama suala hili. Mji huo ulizaliwa na reli. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi 1899, na stesheni hiyo ikapewa jina la Sultan Hamud bin Mohammed, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902. Leo hii barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi inapita hapo, na nyaya za intaneti zitokazo pwani kuelekea bara zinafuata ushoroba huo huo.

Ukishika barabara hiyo kuelekea Nairobi, unafika Malili, karibu na mpaka wa kaunti za Makueni, Machakos na Kajiado, ambako mji wa teknolojia wa Konza unajengwa. Rais wa wakati huo, Mwai Kibaki, alizindua ujenzi wake Januari 2013. Aprili 2019, wakati wa ziara ya Rais Uhuru Kenyatta jijini Beijing, Kenya ilitia saini mkataba wa Sh17.5 bilioni na kampuni ya Huawei, uliojumuisha kituo cha taifa cha data mjini humo. Kwa hivyo, kwa mkazi wa Sultan Hamud seva si kitu cha ng'ambo tena. Kituo hicho kiko kwenye barabara anayopita kila anapokwenda Nairobi.

Ili kuelewa kwa nini viini ni lazima vizungumze, tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa maembe katika soko la mji huo. Tuseme ana Sh1,000 katika akaunti yake ya simu. Mteja anamtumia Sh500. Wakati huo huo, yeye mwenyewe analipia huduma ya serikali ya Sh300. Miamala hiyo miwili inafika kwenye seva kwa pamoja, na kila mmoja unashikwa na kiini chake.

Kiini cha kwanza kinasoma salio: Sh1,000. Kinajumlisha 500 na kupata Sh1,500. Kiini cha pili nacho kilikwisha kusoma Sh1,000 ile ile. Kinatoa 300 na kupata Sh700. Endapo kiini cha pili ndicho kitakachoandika mwisho, salio litabaki Sh700, na Sh500 za mteja zitakuwa zimepotea bila mwizi. Endapo cha kwanza ndicho kitakachoandika mwisho, salio litakuwa Sh1,500, na hasara itakuwa ya mwenye mfumo. Jibu sahihi, Sh1,200, halitapatikana kabisa isipokuwa kiini kimoja kikubali kumngoja mwenzake.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ndiyo maana wahandisi wa prosesa wameweka sheria kali za nani ashike usukani na kwa muda gani.

Kila kiini kina hifadhi ndogo ya karibu, iitwayo kache, ambamo huweka nakala ya data anayoitumia mara kwa mara. Faida yake ni kasi, kwani kumbukumbu kuu ya kompyuta iko mbali na ni ya polepole. Hasara yake ni kwamba taarifa moja inaweza kuwa na nakala nyingi, na nakala moja ikibadilishwa, nyingine zote huwa za uongo.

Mwaka 1984, Mark Papamarcos na Janak Patel wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani walieleza utaratibu wa kutatua tatizo hilo, ambao misingi yake ingali ikitumika katika prosesa za leo. Kila nakala hupewa mojawapo ya hali nne: imebadilishwa na kiini hiki, iko kwa kiini hiki pekee lakini haijabadilishwa, inasomwa na viini kadhaa, au imebatilika na haifai kutumiwa. Kiini kinachotaka kuandika ni lazima kwanza kiwaarifu wenzake wafute nakala zao, kisha kingoje uthibitisho. Baada ya hapo ndipo kinapoandika.

Kwa kufuata utaratibu huo, pamoja na amri maalumu zinazokiruhusu kiini kusoma, kubadilisha na kuandika bila kuingiliwa, salio la mwuza maembe wetu huwa salama. Lakini usalama huo una bei. Kila uandishi wa data inayoshirikiwa huzaa ujumbe, na kila ujumbe huhitaji njia ya kupitia.

Hapa ndipo historia ya reli inapotufaa. Reli ya zamani inayopita Sultan Hamud ni ya njia moja. Treni mbili zinazoelekeana haziwezi kupishana popote zipendapo; moja husubiri kwenye njia ya kando katika stesheni hadi nyingine ipite. Ukiongeza injini kumi bila kuongeza njia wala stesheni za kupishania, hutasafirisha mzigo mara kumi. Utapata tu injini nyingi zaidi zilizosimama.

Seva za zamani zilikuwa hivyo. Prosesa zote zilitumia njia moja ya pamoja kufikia kumbukumbu, na kila moja ilisikiliza mazungumzo ya wenzake kwenye njia hiyo. Prosesa zilipokuwa mbili au nne, mpango huo ulitosha. IBM ilipotoa prosesa yake ya POWER4 yenye viini viwili mwaka 2001, na kampuni nyingine zikafuata mkondo huo, ilikuwa wazi kwamba njia moja isingeweza kubeba mazungumzo yote.

Mwaka 2003 AMD ilitoa prosesa ya Opteron, ambayo kila moja iliunganishwa na sehemu yake ya kumbukumbu na kupewa njia za moja kwa moja za kufikia prosesa jirani. Intel iliacha njia ya pamoja kwa muundo wake uliotoka mwishoni mwa 2008. Baadaye viini vilipangwa kwa duara, ujumbe ukizunguka kutoka kituo hadi kituo kama matatu ya mjini. Viini vilipozidi, duara nalo likawa refu mno. Mwaka 2017 Intel iliwapa wateja wake wa seva mpangilio wa wavu, wenye mitaa inayokatizana, ambamo ujumbe huweza kwenda mbele au kukata kona kuufikia mwisho wa safari.

AMD kwa upande wake iliamua kuigawa prosesa vipande vipande. Prosesa yake ya EPYC ya mwaka 2017 ilikuwa na viini 32 katika vipande vinne. Ile ya 2019 ilifikisha viini 64 katika vipande vinane vinavyokizunguka kipande kimoja cha katikati, ambacho kazi yake ni kupitisha mawasiliano. Kufikia 2024, kampuni hiyo ilikuwa ikiuza prosesa moja yenye viini 192.

Tuzitazame hesabu. Viini vinne vina jozi sita zinazoweza kuzungumza. Viini 64 vina jozi 2,016. Viini 192 vina jozi 18,336. Hakuna mhandisi anayeweza kuvuta waya wa pekee kati ya kila jozi. Njia ni lazima zishirikiwe, na kila kinachoshirikiwa kinaweza kusongamana.

Umbali nao una nafasi yake. Kiini kikihitaji data iliyo katika kache yake ya karibu kabisa, huipata kwa takriban nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kuipata kwa kiini jirani ndani ya prosesa hiyo hiyo huchukua nanosekunde makumi kadhaa. Kuifuata katika kumbukumbu kuu huchukua karibu nanosekunde 100, na kuiomba kutoka kwa prosesa ya pili iliyo kwenye mashine ile ile kunaweza kupita hapo. Ni tofauti ya mwenye duka anayenyoosha mkono kwenye rafu, na yule anayemtuma mtu Emali akalete bidhaa huku mteja akingoja kaunta.

Msomaji anaweza kuuliza: nanosekunde 100 zina uzito gani kwa binadamu? Peke yake hazina. Lakini muamala mmoja hugusa data mara maelfu, na miamala huja kwa wingi. Septemba 2025 Safaricom ilitangaza kuboreshwa kwa mfumo wa M-Pesa ili kushughulikia miamala 6,000 kwa sekunde, ukiwa na uwezo wa kupanuliwa hadi 12,000. Kwa kasi ya 6,000, muamala mpya hufika kila baada ya sehemu ndogo ya milisekunde. Kazi hiyo inawezekana ikigawanywa kwa viini na mashine nyingi. Inakuwa ngumu pale ambapo miamala mingi inataka kugusa kitu kimoja.

Na hapo ndipo tunaporejea kwenye 222222.

Wakazi elfu moja wa Makueni wakitumiana pesa wao kwa wao, akaunti zinazoguswa ni nyingi na tofauti. Kila kiini hushika yake, na ni nadra kugongana. Lakini watu elfu moja wakilipa kwa wakati mmoja kwenye akaunti moja, na mfumo ukaweka salio la akaunti hiyo mahali pamoja, kila kiini kitataka kuandika pale pale. Salio litahamishwa kutoka kache moja hadi nyingine mfululizo, na kila kiini kitangoja zamu. Viini 192 vinaweza kujikuta vikitenda kazi ya kiini kimoja.

Gene Amdahl, aliyekuwa mhandisi wa IBM, alieleza kikomo cha aina hii mwaka 1967. Tuseme asilimia tano tu ya kazi ni lazima ifanywe kwa zamu, na asilimia 95 inaweza kugawanywa. Kwa hesabu yake, viini 64 vitaongeza kasi takriban mara 15 tu, wala si mara 64. Ukinunua viini 192, yaani mara tatu zaidi, kasi itafika mara 18 hivi. Hata ukinunua milioni moja, hutavuka mara 20. Na hesabu hiyo haijajumuisha muda ambao viini hutumia kupelekeana ujumbe, ambao huzidi kadiri viini vinavyozidi.

Dawa ya tatizo hili inajulikana, na sehemu kubwa yake haiuzwi na mtengenezaji wa mashine. Mwandishi wa programu anaweza kuligawa salio la akaunti yenye shughuli nyingi katika mafungu mengi, kila fungu likahudumiwa na kiini chake, kisha mafungu yakajumlishwa kwa vipindi. Mwenye soko hufanya vivyo hivyo anapoweka wakusanya ushuru kwenye kila lango na kuhesabu makusanyo jioni, badala ya kuwapitisha wachuuzi wote mbele ya meza moja.

Jambo la pili ni kuiweka kazi karibu na data yake, ili kiini cha prosesa moja kisilazimike kila mara kuomba taarifa kwa prosesa ya pili. Jambo la tatu ni dogo lakini husahaulika. Katika seva nyingi za leo, data huhamishwa baina ya kache kwa vifurushi vya baiti 64. Hesabu mbili zisizohusiana zikiwekwa katika kifurushi kimoja, viini vinavyozishughulikia vitanyang'anyana kifurushi hicho kana kwamba vinagombea kitu kimoja, ilhali kila kimoja kina chake. Programu iliyoandikwa kwa uangalifu huzitenganisha.

Isitoshe, kuna suala la leseni. Programu kubwa za kuhifadhi data hutozwa kwa idadi ya viini. Oracle hutumia utaratibu huo kwa baadhi ya bidhaa zake, na Microsoft iliuanzisha kwa SQL Server kuanzia toleo la 2012. Maana yake ni kwamba taasisi ya umma inayonunua viini inavyoshindwa kuvitumia hailipi mara moja. Hulipa bei ya mashine, kisha leseni ya kila kiini kinachosubiri, na juu yake umeme wa kukiendesha na kukipoza.

Katiba ya Kenya, katika kifungu cha 227, inataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wenye usawa, uwazi na ushindani, na unaozingatia thamani ya fedha. Ni vigumu kuona jinsi sharti hilo la mwisho linavyotimizwa iwapo hati ya zabuni inataja viini na ukubwa wa kumbukumbu pekee, bila kumtaka muuzaji athibitishe mashine itahudumia watu wangapi wanaolipa kwenye akaunti moja kwa wakati mmoja.

Wapo watakaosema kwamba hitilafu za huduma za mtandaoni zina vyanzo vingine vilivyo dhahiri zaidi. Wana hoja. Huduma za eCitizen zilipokwama mwishoni mwa Julai 2023, Waziri wa ICT wa wakati huo, Eliud Owalo, alithibitisha kwamba mfumo ulikuwa umeshambuliwa. Umeme hukatika, nyaya hukatwa, na mtandao wa simu huwa dhaifu katika maeneo mengi ya mashambani. Si kila foleni inaanzia ndani ya prosesa.

Lakini wingi wa vyanzo ndio unaofanya upimaji uwe wa lazima. Mfumo ambao haujawahi kujaribiwa kwa mzigo halisi hauwezi kumweleza msimamizi wake kama umelemewa na wavamizi, na wateja halali, au na viini vyake vyenyewe vinavyosubiriana. Msimamizi asiyejua hukimbilia suluhisho lililo rahisi kuandikwa kwenye bajeti, nalo ni kuagiza mashine kubwa zaidi.

Hoja ya pili ya wakosoaji ni kwamba mambo haya ni ya wataalamu, na mbunge au mjumbe wa bunge la kaunti hawezi kuyafuatilia. Hoja hiyo haina mashiko. Mjumbe hahitaji kujua kuchora barabara ili aulize ni magari mangapi yatapita kwa saa. Vivyo hivyo, hahitaji kujua kuunda prosesa ili aulize maswali manne.

Kwanza, mfumo ulijaribiwa kwa miamala mingapi kwa sekunde, na mingapi kati ya hiyo ilielekezwa kwenye akaunti moja? Pili, viini vilipoongezwa maradufu katika majaribio, kazi iliyofanyika iliongezeka kwa kiasi gani? Tatu, katika saa yenye shughuli nyingi, mteja aliyesubiri zaidi ya wote alisubiri kwa muda gani? Wastani hautoshi, kwani wastani huficha wale waliokwama. Nne, leseni ni za viini vingapi, na vingapi kati yavyo hufanya kazi kweli?

Majibu ya maswali hayo yanaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja. Kamati za bunge na za kaunti zinazopitisha bajeti za teknohama zinapaswa kuutaka ukurasa huo kabla ya fedha kuidhinishwa, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anaweza kuulinganisha na hali halisi mwaka mmoja baadaye.

Kwa mfanyabiashara wa Sultan Hamud, ambaye hujua kwamba malipo yamepita pale tu ujumbe unapoingia kwenye simu yake, huo utakuwa ulinzi mkubwa kuliko tangazo lolote la mashine mpya. Serikali imekwisha kumwondolea uchaguzi wa mahali pa kulipia. Sasa inawajibika kumwonyesha, kwa takwimu za majaribio, kwamba mlango huo mmoja aliobakishiwa unaweza kuwapitisha wote wanaoelekezwa humo.